Leni ya Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa magoti aliniambia nipumzike. Bwana Lindquist wa ofisi ya barabara akaniambia nisimame darajani. Nimemsikiliza Lindquist.

Basi leo nimeanza. Saa moja hadi saa mbili asubuhi nasimama juu ya daraja la barabara kuu ya kaskazini na mwenzangu Mai Yer Lor, tukitazama magari yanayoshuka kwenda mjini Minneapolis. Kila mmoja ana kibonyezo cha kuhesabia mkononi. Kazi yetu ni leni ya kushoto kabisa, ile ya kulipia. Ukiwa peke yako garini unalipa, mkiwa wawili au zaidi mnapita bure. Mwendo unapimwa na mashine zilizofukiwa chini ya lami, vichwa tunavihesabu sisi.

Lindquist alitueleza mara mbili kama watoto wa darasa la kwanza. Siku za kazi sitini, leo mpaka tarehe 23 Mei. Siku ambayo wastani wa mwendo unashuka chini ya maili arobaini na tano kwa saa ni siku mbaya. Siku mbaya sita zinavumilika. Ikifika ya saba leni imefeli, na kuanzia Juni watakaopita bure ni watatu, wawili watalipa kama wengine.

Nikamwambia nimeendesha basi la shule miaka thelathini na moja, mwendo naujua kwa kusikia tairi. Akasema si vibaya. Kwa Lindquist hiyo ni nishani.

Jumatano, 5 Machi

Theluji. Leni imetambaa maili ishirini. Siku mbaya ya kwanza. Vidole vyangu sivihisi.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa niandike jambo lililonifanya niikubali kazi hii, maana Lindquist nilimwambia nataka kunyoosha magoti.

Marlys, mdogo wangu, anafanya kazi kwa daktari wa meno mjini. Harlan, aliyekuwa mume wake, ni fundi wa mabomba ya joto mjini vilevile. Waliachana miaka minne iliyopita bila ugomvi wala mwanamke wa pembeni. Marlys alichoka kuishi na mtu asiyesema. Aliniambia wakati ule, "Dada, nimeolewa na kabati." Vuli iliyopita gari la Marlys likafa, na Harlan akajitolea kumpa lifti. Akakataa. Akajitolea tena, akakataa. Mara ya tatu akakubali, kama inavyotakiwa kwetu. Kisingizio chao ni hiyo leni: wawili bure, kwa hiyo ni akili tu, si mapenzi.

Leo saa moja na nusu kamili nimeiona pikapu ya kijani ya Harlan, yenye fremu ya kubebea mtumbwi juu ya paa. Vichwa viwili. Nimekibonyeza kibonyezo kwa nguvu mpaka Mai Yer akaniuliza kama nina ugomvi nacho.

Ijumaa, 14 Machi

Mtu mmoja amepita na sanamu ya kushonea nguo kwenye kiti cha pembeni, kaivika kofia ya timu ya magongo. Mai Yer kahesabu mmoja. Mimi nilihesabu wawili, nikaona aibu, nikafuta.

Alhamisi, 20 Machi

Lori limemwaga mbao. Siku mbaya ya pili.

Mai Yer kaniletea wali wa zambarau unaonata, na soseji yenye pilipili ya kwao Wahmong, watu waliotoka milima ya Laos. Nikasema haiwashi sana. Nimelia mpaka saa mbili na dakika kumi. Akasema kwa utulivu kabisa, "Mama Ardis, ukitaka maji sema tu, hapa hakuna mashindano."

Jumatatu, 31 Machi

Simu ya Marlys. Harlan ameanza kuongea! Si sana, lakini leo kwenye gari kamwambia sentensi tatu mfululizo kuhusu ndege aina ya loon waliorudi ziwani. Marlys kazihesabu. Ukoo wetu umekuwa ukoo wa kuhesabu.

Jumanne, 8 Aprili

Siku mbaya ya tatu, na sababu siioni. Hakuna theluji, hakuna ajali, hakuna mvua. Leni ilikuwa inakwenda vizuri, kufika saa moja na nusu ikabanana ghafla, magari yamefuatana pua kwa mkia mpaka upeo wa macho. Mbele yao leni tupu kabisa, ungeweza kuanika nguo.

Alhamisi, 10 Aprili

Ya nne. Vilevile kabisa. Saa ileile.

Jioni Marlys kanipigia kunisuta. "Hivyo mnalipwa kwa kazi gani huko juu? Leni yenu siku hizi mwendo wa maziko. Leo nimechelewa, mgonjwa kakaa kitini mdomo wazi akinisubiri mimi."

Nikamuuliza kama Harlan naye analalamika. Akasema hapana, Harlan haoni shida, tena leo kaongea njia nzima. Kamweleza habari za marehemu baba yake, jinsi alivyomfundisha kuvua samaki kwenye barafu. Miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kumtaja yule mzee kwa zaidi ya neno "alikufa". Sauti ya Marlys ilikuwa laini, nikajifanya sijaisikia.

Jumanne, 15 Aprili

Siku njema. Lakini saa mbili na robo, tukikunja viti, nimeona upande wa pili, wa kurudi kaskazini, pikapu ya kijani yenye fremu ya mtumbwi. Kichwa kimoja. Nikajiambia pikapu za kijani ziko nyingi.

Alhamisi, 17 Aprili

Ziko nyingi, lakini hazina bampa la mbele lililopinda kwa kugonga kisanduku changu cha barua mwaka wa 2011.

Alikuwa Harlan. Anamshusha Marlys mjini, halafu anarudi kaskazini saa ambayo anapaswa kuwa kazini. Nimewaza mabaya. Nimewaza mwanamke. Nimewaza ugonjwa. Usiku sikula vizuri, na nyanya yangu wa Norwe alisema asiyekula ana siri.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku mbaya ya tano, na leo tumejua ni kwa nini. Afadhali nisingejua.

Kulikuwa na jua zuri, barabara kavu. Saa moja na nusu foleni ikajitokeza kule juu. Mai Yer, mwenye macho ya kipanga, akasema, "Ni yeye tena. Yule wa kijani. Yuko mbele kila mara."

Nikachukua darubini. Mbele kabisa ya foleni, pikapu ya Harlan inakwenda taratibu, maili thelathini na saba hivi, kama mzee anayetembeza mbwa. Leni ni moja, hakuna pa kumpita. Kila anayetaka kuingia, Harlan anapunguza zaidi na kumnyooshea vidole viwili kwenye usukani: karibu, pita. Akaingiza magari tisa! Na nyuma yake magari kama mia tatu, wote watu wa kwetu, na hakuna hata mmoja aliyepiga honi. Mahali pengine popote duniani wangemfokea ndani ya nusu dakika, akajua kosa lake, akanyoosha mguu. Hapa kupiga honi ni kumtukana mama wa mtu. Wamekaa wanakunywa kahawa zao na kuumia kimyakimya, na Harlan anadhani ameisaidia dunia.

Garini nilimwona Marlys amemgeukia, anacheka.

Mai Yer akaniuliza, "Unamjua?"

Nikasema ni shemeji yangu. Halafu nikasema alikuwa. Halafu sikujua niseme nini, nikampa kipande cha keki ya limau. Akasema, "Basi andika kwenye fomu. Mimi sitakuandikia na sitakufutia." Nimeandika: gari la kijani mbele ya msururu, mwendo mdogo kwa hiari.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimempigia Lindquist, nimemwambia kila kitu, nikamwomba anitoe kazini kama ikibidi. Akasema namba zinatoka kwenye mashine, siwezi kuzigusa, na vichwa tunavihesabu wawili, kwa hiyo nibaki. Ndugu yangu naruhusiwa kuongea naye. Fomu siruhusiwi kuibadilisha. Nikamshukuru. Akasema si vibaya.

Lakini nitaongea naye nini? Kama nikimwambia Harlan aende haraka, atanyamaza. Kama nikimwacha, sheria itabadilika na watahitaji mtu wa tatu garini. Nawajua wote wawili. Mbele ya mtu wa tatu Harlan atakuwa kabati tena, na Marlys atanunua gari. Siku mbaya zilizobaki ni moja tu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimechelea. Nimeoka mkate wa ndizi badala ya kuongea na mtu.

Jumanne, 6 Mei

Ya sita. Maili arobaini na moja. Hakuna nafasi tena. Zimebaki siku kumi na tatu, na ikitokea moja tu ya mwendo wa maziko, leni ya wawili imekwisha.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kesho nakwenda.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda kwake saa nne asubuhi na mkate wa ndizi. Nilijua ningemkuta. Kafungua mlango amevaa shati la kazi lenye jina lake kifuani, na kisanduku chake cha chakula kiko mezani, kimefungwa bado.

"Shemeji," akasema. Hajaacha kuniita hivyo, hata siku ya talaka.

Akanipa kahawa. Nikakataa. Akanipa tena, nikakataa. Mara ya tatu nikapokea. Tukazungumza habari za barafu ya ziwani, ilitoka lini. Tukazungumza habari za magoti yangu. Nilipoona dakika ishirini zimepita na tumebakiza habari za bei ya mahindi, nikaweka kikombe chini.

"Harlan, umestaafu lini?"

Akautazama ule mkate. "Tarehe ishirini na nane Machi."

"Na Marlys anadhani kila siku unakwenda kazini."

"Hajauliza."

"Amekuona na kisanduku cha chakula, aulize nini? Kwa nini hukumwambia?"

Nimemzoea, nikasubiri. Nje kulikuwa na sungura, tukamtazama wote wawili mpaka akaondoka.

"Ningemwambia, angesema basi hakuna haja ya kuja tena."

"Na haja ipo?"

"Mimi ninayo," akasema.

Jamani. Miaka thelathini nimemwona Harlan mtu mgumu, nimemwita gogo mezani kwangu mbele ya watu, nikaona sawa kabisa alipoachwa. Na gogo lenyewe linaamka saa kumi na moja kila siku, linavaa shati la kazi isiyokuwepo, linafunga mkate na jibini, linaendesha maili ishirini kwenda na ishirini kurudi, jioni tena hivyo hivyo, ili likae karibu na mdogo wangu dakika thelathini na tano. Nilitaka kulia. Badala yake nikamfokea.

Nikamwambia yote: mashine, siku sita, magari mia tatu nyuma yake. Akashtuka kweli. Alidhani leni imejaa tu. Hakuna aliyempigia honi, angejuaje? Akaniambia kwamba maneno yake yanachelewa kufika. Kila akipata la kumwambia Marlys, daraja letu limeshapita na mji umeshaonekana. Ndiyo maana akaanza kulegeza mguu kidogo. Akaona yanafika. Akalegeza tena.

"Haraka haraka haina baraka, shemeji," akasema, kwa aibu.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukienda hivyo mara moja tu zaidi, wawili hawatatosha. Mtahitaji mtu wa tatu garini. Na anayefanya kazi karibu na Marlys, asiye na gari, ni Bibi Thorsgaard wa kwaya."

Harlan akawa mweupe. Bibi Thorsgaard popote akaapo huimba, garini pia.

"Nitaongeza mwendo," akasema.

Akaniomba nisimwambie Marlys kuhusu kustaafu. Nikakubali, kwa sharti kwamba atasema mwenyewe. Nikajipiga mapaja kwa viganja, kama tufanyavyo kwetu tukitaka kuondoka, nikasema haya basi, nikasimama. Tukaagana mezani. Tukaagana mlangoni kwa muda mrefu zaidi. Tukaagana tena mimi nikiwa garini na dirisha limeshushwa, yeye ameshika paa kwa mkono. Kwetu kuaga hakujawahi kuishia mlangoni, na hapo ndipo nikamwelewa. Harlan alikuwa anaaga tu. Shida ni kwamba aliagia kwenye barabara kuu.

Alhamisi, 8 Mei

Pikapu ya kijani imepita kama imeibiwa. Maili hamsini na nane. Mai Yer kapiga makofi, kisha akakumbuka anatakiwa kuhesabu.

Jumatatu, 12 Mei

Siku njema. Jumamosi msimu wa kuvua ulifunguliwa, nusu ya madereva wana pua zilizobabuka kwa jua.

Alhamisi, 15 Mei

Siku njema tena, leni inateleza. Mimi sina furaha.

Marlys kanipigia. Harlan kanyamaza. Tangu wiki iliyopita anakazia macho barabara, mikono miwili kwenye usukani, hasemi kitu. Anamshusha, anasema "haya", anaondoka. "Nilikuwa nimeanza kudhani," Marlys akasema, halafu hakumaliza. Akasema anafikiria basi la umma. Lina joto na mtu anaweza kusoma.

Nilikuwa na neno mdomoni, na nilikuwa na ahadi. Nikamwambia avumilie mpaka mwisho wa mwezi. Akaniuliza kwa nini mwisho wa mwezi. Nikasema ndiyo mwisho wa hesabu zetu, asiniharibie vichwa. Akasema, "Kumbe kwako mimi ni kichwa." Akakata simu.

Leni nimeiokoa, waliomo ndio nimewaua. Hongera Ardis.

Jumatatu, 19 Mei

Mai Yer kaniuliza kwa nini nanuna. Nikamweleza. Akatafuna wali wake taratibu, kisha akasema mume wake pia ni bubu wa asubuhi, ila ukimkalisha mahali pasipokwenda popote anaongea hata na paka. Nikasema pikapu haikai. Akasema, "Ina ufunguo, mama. Ufunguo unazima pia."

Kurudi nyumbani nimempigia Harlan. Nikamwambia sentensi moja tu: zima injini. Akasema, "Eh?" Nikarudia, nikakata kabla kuaga kwetu hakujaanza.

Jumatano, 21 Mei

Njema. Wawili walipita, kila mmoja anatazama dirisha lake.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua kama imefunguliwa bomba. Tumesimama chini ya mwavuli mmoja, mimi na Mai Yer, tukiomba kila mtu dini yake. Leni ilipungua, ikapungua. Pikapu ya kijani ilikuwa inakwenda kadiri mvua ilivyoruhusu, si zaidi wala si chini. Saa tatu Lindquist akapiga: maili arobaini na tano na nukta mbili. Nimemkumbatia Mai Yer, yeye ambaye hakumbatiwi.

Saa kumi na mbili jioni, bado kweupe na mvua inaendelea, nilikwenda kwa Marlys kumrudishia sufuria lake la oveni. Ilikuwa ni kisingizio, sufuria nimekaa nalo tangu Pasaka. Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya nyumba yake. Injini imezimwa. Vioo vimejaa ukungu kwa pumzi, lakini mkono wa mtu ulikuwa unapanda na kushuka ndani, mkono mkubwa wa fundi, unaeleza jambo refu. Nikageuza gari na sufuria lile lile. Nilipopita tena baada ya nusu saa, na nakiri kwamba nilipita makusudi, walikuwa bado wamo.

Ijumaa, 23 Mei

Siku ya sitini. Jua, lami kavu, watu wachache kwa sababu ya likizo ya Jumatatu. Leni imekwenda maili hamsini na sita saa nzima. Siku njema hamsini na nne, mbaya sita. Wawili wataendelea kupita bure. Lindquist amekuja mwenyewe darajani na sanduku la donati. Amesema kazi yetu ilikuwa nzuri sana. Mai Yer na mimi tukatazamana, tukadhani anaumwa.

Lakini saa moja na nusu pikapu ya kijani haikupita. Wala saa moja na dakika arobaini. Nikatazama kila kitu cha kijani, hata lori la takataka. Saa mbili kasoro dakika tano nikaweka kibonyezo mfukoni. Nilijua basi la umma lina joto na mtu anaweza kusoma.

Nikiwa nimeinama kukunja kiti, Mai Yer akanigusa bega na kuninyooshea upande wa pili, wa kwenda kaskazini, kwenye maziwa. Pikapu ya kijani, mtumbwi umefungwa juu ya paa kwa kamba nyekundu, inakuja polepole kwenye leni ya kulia, leni ya wasio na haraka. Marlys alikuwa na miguu kwenye dashibodi, bila viatu. Harlan, leo bila shati la kazi, alikuwa anaongea. Chini ya daraja akaninyooshea vidole viwili kwenye usukani, na mdogo wangu akashusha kioo akapunga kofia mpaka walipopotea.

Upande ule hauna leni ya kulipia. Hauulizi mko wangapi. Mtu yeyote anaweza kwenda peke yake bila kulipa senti.

Nikatoa kibonyezo mfukoni, nikabonyeza mara mbili.

"Upande ule hatuhesabu," Mai Yer akasema.

"Najua," nikamwambia, nikampa donati.